Nani Alikiita Adimu? Chombo cha Maua na Historia ya Kazi Katika Bonde la Ohio

Msomaji aliyezoea kunikuta nikijadili bajeti, katiba na maslahi ya walimu ataniwia radhi leo nikizungumzia chombo cha maua. Si cha dhahabu wala cha fedha. Ni cha kioo, kirefu, chembamba kiunoni, chenye rangi ya chungwa lililoiva, na kikipigwa na jua humeremeta rangi zote zinazoonekana mafuta ya dizeli yanapomwagika juu ya dimbwi la mvua. Nilikiona kwa mara ya kwanza mwaka 2010, dirishani, juu ya sinki la jikoni, katika nyumba ya bibi mmoja mjini Athens, jimbo la Ohio, Marekani. Nilikuwa nimepanga chumba kwake wakati nikisoma na kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha mji huo.

Siku ya tatu ya kukaa kwangu pale nilikitoa dirishani ili nikioshe pamoja na sahani, nikidhani natenda hisani. Bibi aliingia jikoni akanikuta nimekishika shingoni kwa mkono wenye sabuni. Hakupiga kelele, alinyamaza tu mpaka nikakirudisha mahali pake. Ndipo akanieleza. Kilikuwa mali ya babu yake mzaa mama, aliyeingia kazini katika kiwanda kimoja cha kioo cha bonde la mto Ohio akiwa na umri wa miaka 11, kazi yake ikiwa kubeba vyombo vya moto kutoka kwa fundi hadi kwenye tanuri la kupoozea. Alipofariki, maua ya msiba wake yaliwekwa humo. Bibi alikuwa akikiita "kile cha babu", na katika muda wote niliokaa pale sikuwahi kumsikia akikiita kwa jina lingine.

Jina lingine nilikuja kulisikia kwa watu wengine. Wakusanyaji wa vitu vya kale hukiita kioo cha aina ile kioo cha kanivali, na vyombo vyake vya maua ni miongoni mwa vinavyowindwa kwa bidii kubwa. Watu hawa wana vyama, wana mikutano ya kila mwaka kwenye hoteli, wana minada yao, na katika msamiati wao wa sifa lipo neno moja linalotawala mengine yote: adimu. Makala hii inahusu neno hilo. Nimelibeba kichwani kwa miaka kadhaa, na kadiri ninavyolichunguza ndivyo ninavyozidi kuamini kuwa uadimu haumo ndani ya kitu kama rangi yake ilivyomo. Hutokana na mambo yaliyowapata watu: kufilisika kwa huyu, uchovu wa mkono wa yule, na uamuzi wa wengine, nusu karne baadaye, kuhusu kipi kikumbukwe.

Mng'aro wenyewe una asili ndefu. Vyombo vya kioo vya zama za Warumi vilivyofukuliwa ardhini vilikuwa vimepata ngozi ya rangi za upinde wa mvua, kwa sababu unyevu na chumvi za udongo ulikuwa umeila sehemu ya juu ya kioo kwa karne nyingi. Wazungu wa karne ya 19 waliupenda uharibifu huo wakatafuta namna ya kuutengeneza makusudi. Kampuni ya Lobmeyr ilionyesha kioo cha namna hiyo katika maonyesho ya kimataifa ya Vienna mwaka 1873. Nchini Marekani, Louis Comfort Tiffany alisajili jina la Favrile kwa kioo chake mwaka 1894. Kioo cha Tiffany kilipulizwa kwa pumzi na kutengenezwa kwa mkono, kimoja kimoja, na kiliuzwa kwa matajiri wa New York ambao majumba yao yalihitaji kitu ambacho jirani hana.

Hapo ndipo walipojitokeza ndugu wawili, Frank na John Fenton. Walianza mwaka 1905 mjini Martins Ferry, Ohio, kwa kupamba kioo kilichotengenezwa na wengine. Mwezi Januari 1907 walifungua kiwanda chao wenyewe mjini Williamstown, West Virginia, ng'ambo ya mto, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wakinyunyizia chumvi za metali, za chuma na za bati, juu ya kioo kilichofinywa kwenye kalibu na ambacho bado kilikuwa cha moto. Waliita bidhaa hiyo Iridill. Mwaka uliofuata Harry Northwood wa mjini Wheeling aliingia sokoni na ya kwake, akaiita Golden Iris. Wakafuata Imperial wa Bellaire, Ohio, na kiwanda cha Dugan, binamu yake Northwood, mjini Indiana, katika jimbo la Pennsylvania. Kilichokuwa cha majumba ya New York sasa kilikuwa katika duka la kijijini, na miaka mingi baadaye watu walikipa jina la utani: Tiffany ya maskini.

Naomba nikae kidogo kwa Harry Northwood, maana ukoo wake una hadithi ambayo mhadhiri hawezi kuipita bila kuitumia darasani. Baba yake, John Northwood, alikuwa fundi mashuhuri wa kuchonga kioo katika eneo la Stourbridge, Uingereza. Mwaka 1876 alikamilisha nakala ya chombo maarufu cha Kirumi, Portland Vase, kile kinachohifadhiwa British Museum. Kazi hiyo ilimchukua takriban miaka mitatu: miaka mitatu ya patasi na subira kwa chombo kimoja. Mwanawe alivuka bahari mwaka 1881 akiwa kijana, akafanya kazi katika kiwanda cha Hobbs, Brockunier mjini Wheeling, na mwaka 1902 alirudi akakichukua kiwanda hicho hicho kilichokuwa kimeshafungwa. Humo akatengeneza vyombo ambavyo kila kimoja kilichukua dakika chache. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu ni nani kati ya baba na mwana aliyekuwa fundi zaidi. Hujibu haraka: baba. Swali la pili huwachelewesha: katika kiwanda cha mwana, ufundi ule ulikwenda kwa nani?

Ili tulijibu ni lazima tuingie kiwandani.

Bonde la Ohio lilivuta viwanda vya kioo kwa sababu lilikuwa na gesi asilia, makaa ya mawe, mchanga mzuri na mto wa kusafirishia. Miji midogo ilishindana kuwavutia wenye viwanda kwa ardhi na nishati ya bei ya chini, kama wilaya zetu zinavyoshindana leo kwa wawekezaji, na kwa ahadi zinazofanana sana. Ndani ya jengo, kazi iligawanywa kwa vikundi. Mmoja alichota donge la kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya chuma akalidondosha juu ya kalibu. Mwingine alilikata kwa mkasi, akavuta mkono wa mashine ya kufinya, na pambo likajichapa ubavuni mwa kioo. Kalibu ilifunguliwa. Hapo kilitoka kitu kifupi chenye umbo la bilauri nene, ambacho hakuna mtu angekisifu.

Kazi ya chombo cha maua ilianzia hapo. Kitu kile kilibanwa kitakoni kwa koleo lenye mpini mrefu, kikarudishwa kwenye mdomo wa moto mpaka kikalegea, kisha fundi wa kumalizia akakitoa na kukibembeza. Nasema kukibembeza kwa maana kamili ya neno: alizungusha mpini ule kama mtu anayetupa kombeo, na uzito wa kioo chenyewe ukakivuta kikarefuka. Akiwa na nguvu asubuhi kilirefuka sana. Akiwa amechoka kilirefuka kidogo. Kioo kikiwa na moto zaidi kilikwenda mbali zaidi. Kutoka kalibu moja ile ile vilitoka vyombo vya inchi 7 na vyombo vya zaidi ya inchi 20. Michirizi iliyokuwa imesimama imara kwenye kalibu ilinyooka ikawa kama nyuzi. Mafundo ya gome la mti katika pambo ambalo wakusanyaji huliita Tree Trunk yakatambaa kuelekea juu. Mwishoni fundi aliukunja mdomo kwa chombo cha mbao au cha chuma, akaufanya uwe kama ua lililofunguka.

Sehemu moja tu haikubadilika, nayo ni kitako kilichokuwa kimebanwa. Kwa sababu hiyo hadi leo mkusanyaji anapotaka kujua chombo kimetoka katika kalibu ipi hapimi urefu; anakigeuza juu chini na kupima upana wa kitako. Vile vyenye kitako kipana cha karibu inchi 5, vizito na virefu, huitwa vyombo vya msiba, kwa kuwa vilifaa kubeba mashada makubwa makanisani na mazikoni, na ndivyo vinavyogombaniwa. Kitako husimulia habari za kalibu, yaani za mwenye kiwanda. Kila kilicho juu ya kitako ni habari za mkono wa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Baada ya kubembezwa, chombo kilirudishwa motoni kidogo, kisha kikanyunyiziwa zile chumvi. Chumvi za kloridi zinapogusa kioo cha moto hutoa mvuke wa asidi, na mtu aliyesimama pale aliuvuta. Ndipo chombo kikakabidhiwa kwa mvulana.

Wavulana hao ndio sababu ya mimi kuandika. Kila kikundi cha mafundi kilihitaji wabebaji, watoto waliotembea mbio siku nzima kati ya moto na tanuri la kupoozea, maana kioo kikiachwa kipoe ghafla hupasuka. Mafundi wakubwa walikuwa na chama chao, American Flint Glass Workers' Union, kilichoundwa mwaka 1878, kikajadiliana kuhusu idadi ya vipande kwa kila zamu na malipo yake. Mtoto wa kubeba hakuwa fundi. Mwezi Oktoba 1908, mwaka ule ule ambao Northwood alikuwa akitangaza Golden Iris, mpigapicha Lewis Hine alizunguka katika viwanda vya kioo vya West Virginia kwa niaba ya National Child Labor Committee, shirika lililopinga ajira ya watoto. Alipita Morgantown, Grafton, Fairmont. Picha zake hazikupigwa katika viwanda ninavyovitaja hapa, lakini kazi ni ile ile: mtoto mwenye kofia, masizi usoni, fimbo mkononi, na nyuma yake mwanga wa tanuri. Library of Congress inahifadhi zaidi ya picha 5,000 za mradi huo, na kila mwanafunzi wa sera za jamii anaweza kuzitazama bure. Wanafunzi wangu huzitazama kwa dakika moja kisha hunyamaza.

Sheria ilikuja kwa mwendo wa konokono. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Keating-Owen mwaka 1916 kuzuia biashara, baina ya majimbo, ya bidhaa zilizotengenezwa kwa ajira ya watoto. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaifuta mwaka 1918 katika shauri la Hammer dhidi ya Dagenhart, kwa hoja kwamba Bunge lilikuwa limevuka mipaka ya mamlaka yake. Ulinzi wa kitaifa uliodumu ulipatikana mwaka 1938. Ukihesabu, utaona kwamba enzi yote ya kioo hiki, tangu 1907 hadi kilipopitwa na wakati mwishoni mwa miaka ya 1920, iliishi na kufa ndani ya muda huo wa kusubiri.

Mashine nazo zilifanya kazi ambayo sheria ilishindwa kuifanya, ingawa kwa nia nyingine. Michael Owens, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, aliajiriwa akiwa na umri wa miaka 10 katika kiwanda kile kile cha Hobbs, Brockunier ambacho Northwood alikuja kukichukua. Mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa Toledo, alikamilisha mashine ya kutengeneza chupa iliyopunguza sana haja ya wavulana katika viwanda vya chupa. Chombo cha maua hakikuwahi kupata mashine ya namna hiyo, kwa kuwa hakuna mashine iliyobembeza.

Bidhaa ilisafiri ndani ya mapipa. Wauzaji wa jumla, hasa Butler Brothers, walitangaza mchanganyiko wa vyombo katika katalogi zao, na mwenye duka la kijijini aliagiza pipa bila kuchagua kila rangi iliyomo. Kwa rejareja chombo kimoja kiliuzwa kwa senti chache tu. Mke wa mkulima aliyetaka kitu kizuri juu ya meza yake aliweza kukinunua kwa fedha za mayai, na mimi siwezi kuwa pamoja na wale wanaoidharau furaha hiyo. Waliodharau walikuwepo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mitindo ilibadilika. Matajiri waliikinai hata Tiffany, labda kwa sababu kila jikoni sasa lilikuwa na kitu kilichofanana nayo. Northwood alifariki mwaka 1919 na kiwanda chake kikafungwa mwaka 1925. Kiwanda cha Indiana, Pennsylvania, wakati huo kikiitwa Diamond, kiliungua mwaka 1931 na hakikujengwa tena. Mabaki ya ghalani yaliuzwa kwa bei ya kutupa, na inasimuliwa kwamba mengine yaligawiwa kama zawadi kwa washindi wa michezo ya shabaha katika kanivali, zile sherehe za bembea na mahema zilizozunguka mijini. Miaka ya 1950 na 1960, kioo kile kilipoanza kutafutwa upya, ni jina hilo la dharau lililobaki nacho.

Wakusanyaji wa kwanza wanastahili heshima kuliko ninayoona wanasomi wakiwapa. Viwanda vingi vilikuwa vimekufa, na orodha zilizosalia zilikuwa chache na fupi. Mathalani Marion Hartung, ambaye vijitabu vyake vyenye namba vilianza kutoka miaka ya 1960, alichora na kueleza pambo baada ya pambo, akiyapa majina yale yasiyokuwa na jina. Majina mengi yanayotumika minadani leo hayakutoka kiwandani. Yametungwa mezani na wakusanyaji. Katika miaka ya 1970 watu walifukua eneo la kiwanda kilichoungua cha Indiana, Pennsylvania, wakakuta vigae vya mapambo ambayo kwa miaka yalikuwa yakihesabiwa kuwa ya Northwood. Orodha zikaandikwa upya. Hiyo ni akiolojia halisi, iliyofanywa na watu wasiolipwa mshahara wa utafiti, na ningependa kuona idara zetu za historia zikithubutu kufukua majalala ya viwanda vyetu vilivyokufa kwa bidii ya namna hiyo.

Ila tazama walichotafuta katika vigae vile: jina la kampuni. Swali lilikuwa "ni cha nani?", na "nani" maana yake ilikuwa mmiliki.

Sasa tufike Millersburg, kwa kuwa ndipo uadimu unapojivua nguo. John Fenton, yule ndugu wa pili, alikuwa mtu wa ndoto kubwa. Aliachana na nduguye akaenda Millersburg, Ohio, mji mdogo wa wakulima, akajenga kiwanda kilichoanza kutoa kioo mwaka 1909. Kalibu zake zilichongwa kwa ustadi mkubwa, na mng'aro wa bidhaa yake iliyoitwa Radium ulikuwa kama wa kioo cha kujitazamia. Mwaka 1911 kilifilisika. Kilipita mikononi mwa mwingine kwa muda mfupi, kikazimwa. Miongoni mwa vyombo vilivyotoka humo kipo kinachoitwa People's Vase, chenye mchoro wa watoto wanaocheza ngoma huku mzee akiwatazama. Vinavyojulikana duniani vinahesabika kwa vidole, na kimoja kikifika mnadani huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Bei hiyo inalipia nini? Uzuri upo, sikatai. Lakini kalibu ile ile, kama ingepata bahati ya kufanya kazi kwa miaka 15, ingemwaga maelfu ya vyombo hivyo madukani na leo vingeuzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Mnunuzi wa leo analipia kufilisika kwa John Fenton. Analipia pia, bila kujua, siku ambazo watu wa Millersburg waliamka wakakuta tanuri limezimwa. Uadimu wa chombo ni upande wa pili wa ajira zilizopotea, na kati ya pande hizo mbili ni mmoja tu unaotajwa katika orodha ya mnada.

Uthibitisho wa kinyume ulitokea miaka ya 1960. Imperial, iliyokuwa bado hai, ilizitoa kalibu zake za zamani ikaanza kutengeneza upya kioo cha kanivali, ikiweka herufi I na G zilizoshikamana kitakoni. Fenton nayo ikafuata mwaka 1970. Ilikuwa mafundi wenye ujuzi ule ule, mara nyingine kalibu zile zile, na ajira halali ya watu wazima. Wanunuzi walikuwepo, lakini wakusanyaji wengi waliingiwa na hofu; wakaandika miongozo ya kutofautisha cha kale na kipya ili cha kale kisishuke bei. Sina ugomvi na miongozo hiyo, maana wadanganyifu wapo. Nashangaa tu jinsi ilivyo rahisi kwa mtu kupenda ufundi uliokwisha kufa na kuuonea shaka ulio hai.

Ipo pia sura ya Firozabad, mji wa kaskazini mwa India unaojulikana kwa bangili za kioo. Neno letu bangili lenyewe limetoka katika lugha za huko. Kiwanda cha Jain Glass Works kilitengeneza kioo cha kanivali katika miaka ya 1930 na baadaye: vyombo vya maua vyenye tembo, vyenye samaki, na kingine chenye umbo la mkono wa binadamu ulioshika chombo. Kwa muda mrefu wakusanyaji wa Marekani na Uingereza hawakuwa na nafasi navyo katika vitabu vyao. Leo vinatafutwa. Na katika mji huo huo, sekta ya bangili ilikuja kutajwa tena na tena katika ripoti za ajira ya watoto, hata baada ya India kutunga sheria ya mwaka 1986 iliyokataza watoto kufanyishwa kazi za hatari. Wanaharakati wanaosoma makala hii wanaufahamu mlolongo huo vyema kuliko mimi: tanuri, mtoto, sheria, na muda unaopita kati ya sheria na mtoto.

Nirudi jikoni Athens. Mwaka 2011 kiwanda cha Fenton cha Williamstown, takriban saa moja kwa gari kutoka tulipokuwa tukiishi, kilisitisha utengenezaji wake wa asili wa kioo baada ya zaidi ya karne moja. Bibi alisoma habari hiyo gazetini, akalikunja gazeti, akaliweka. Mwaka uliofuata, baada ya gharama za hospitali kumwelemea, alimwita mfanyabiashara wa vitu vya kale aje aone kama nyumbani mna kitu chenye thamani.

Nilikuwepo. Alikuwa mtu mwungwana, aliyeijua kazi yake. Alikitoa kile cha babu dirishani, akakigeuza juu chini, akapima kitako kwa rula ndogo aliyoitoa mfukoni. Akakielekeza kitako kwenye mwanga kuona rangi ya kioo chenyewe chini ya mng'aro, kisha akapapasa kwa kidole kutafuta alama. Akasema kwa upole kwamba ni marigold, rangi iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote; kwamba kitako ni cha kipimo cha kawaida, hivyo si chombo cha msiba; na kwamba vya namna ile vipo vingi sana. Akataja bei. Haikufika nauli ya basi kwenda Columbus na kurudi.

Hakukosea neno hata moja. Chombo kilichobeba maua ya msiba wa mtu aliyekuwa amebeba kioo cha moto tangu akiwa na miaka 11, kwa kipimo cha rula, hakikuwa chombo cha msiba.

Bibi alimshukuru, akampa kahawa, akamuuzia saa ya ukutani na viti viwili. Chombo alikirudisha dirishani mwenyewe. Jioni hiyo nilimwuliza babu yake aliitwa nani, nikaona aibu kwamba nilikuwa nimeishi pale muda mrefu bila kuuliza. Alinitajia jina, akanionyesha nyuma ya picha moja lilipoandikwa kwa penseli. Picha ilikuwa ya kikundi cha wafanyakazi mbele ya kiwanda, wanaume wenye masharubu wamesimama nyuma, wavulana wameketi chini mbele. Majina ya wanaume yalikuwa yameandikwa yote. Kwa wavulana, mwandishi alikuwa ameandika moja tu, lile la babu, bila shaka kwa sababu picha ilikuwa yake.

Niliporudi nyumbani nilimtumia bibi miiko miwili ya mpingo. Katika barua yake ya mwisho aliniwekea picha ya dirisha la jikoni. Miiko imesimama ndani ya kile cha babu.